Sita kwa Ilga, Saba kwa Visvaldis

Jumamosi, 24 Agosti 2019

Mchana bado joto. Asubuhi pumzi imeanza kuonekana. Dalia ziko kwenye kilele chake — mashina ishirini na mawili, matatu yametafunwa na konokono uchi. Nimewaokota kwa kijiko, arobaini na mmoja, nikawatia kwenye maji ya chumvi. Marehemu Visvaldis wangu alikuwa akiwatupa upande wa pili wa uzio, kwa Ilga, akidhani simwoni. Ilga naye akiwarudisha. Nadhani ni konokono wale wale waliovuka uzio huo miaka ishirini bila kutumia nguvu zao wenyewe.

Saa nne Ilga alikuja kwenye uzio na barua. Hospitali ya Riga imempa tarehe: Alhamisi, 26 Septemba. Uvimbe kwenye utumbo. Wataukata. Daktari kamwambia asipitishe Septemba. Alinisomea barua yote kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbolea, kisha akaniuliza kama nina uzi wa kufungia dalia, wake umekwisha.

Nikampa uzi.

Tunaojua ni wawili, mimi na mwanawe Raitis aliyeko Ireland. Mtaani kawaambia anakwenda Riga kwa ajili ya macho. Nikamwambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Akasema kifo kikija kitamkuta na miwani mipya.

Ijumaa, 30 Agosti

Jumatatu shule inafunguliwa. Akina mama wasio na bustani wanapita nyumba kwa nyumba kuomba maua ya mwalimu. Leo wamekuja watano. Wa mwisho, yule wa ghorofa za kiwandani, alikuwa na haraka, funguo za gari mkononi.

"Nikatie gladiola nane, bibi, fungu lionekane."

Kabla sijafungua kinywa, bintiye wa miaka saba akasema, "Mama, nane ni za maiti."

Mama mtu akawa mwekundu mpaka masikioni. Nikamkatia tisa. Aliye hai hupewa witiri, marehemu hupewa shufwa, na hapa hata mtoto asiyejua kufunga viatu analijua hilo. Mimi siamini kwamba ua moja linaweza kumdhuru mtu. Lakini nahesabu. Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye maabara ya mbegu: mbegu mia kwa kila sahani, sahani nne, unahesabu zilizoota na unahesabu zilizokufa, na jumla lazima irudi kuwa mia. Kuhesabu kwangu ni kama kupumua.

Gladiola zimekwisha. Tuta limebaki mabua tu, halipendezi.

Jumapili, 8 Septemba

Siku ya jina la Ilga; kwenye kalenda yetu kila jina lina tarehe yake. Kwa siku ya jina hakuna mwaliko. Kalenda inasema, watu wanakuja, mwenye jina akae tayari na kahawa.

Niliamka nikakata asta zikiwa bado na umande. Saba kwa Ilga. Sita kwa Visvaldis, kama kila Jumapili. Mafungu mawili, rangi zile zile, yote kwenye gazeti lile lile la wilaya. Nikayaweka mezani, nikaenda kutafuta koti.

Nilipita kwa Ilga kwanza. Alikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Akapokea fungu kwa kwapa. Nikaanza kumtakia afya, akanikatiza:

"Ishia hapo hapo, Mirdza. Ukiendelea nitalia, na huu unga nimeshautia chumvi."

Nikacheka, nikaenda zangu makaburini.

Nikatupa maua ya wiki iliyopita. Nikachota maji. Nikasawazisha mchanga kwa reki, mistari imenyooka, sindano za misonobari zote nje. Nikafungua gazeti. Saba. Nikahesabu tena. Saba. Nikaanza kuhesabu kutoka upande wa pili, kana kwamba idadi inategemea unakoanzia. Saba.

Kwa hiyo Ilga ana sita. Siku kumi na nane kabla hajalazwa chini ya kisu, jirani yake kwa miaka thelathini na minane kamkabidhi maua ya maiti mkononi, na kumtakia afya juu yake. Na mume wangu, mwaka wake wa sita kaburini, nimemtakia maisha marefu.

Nilichomoa moja nikaliweka kwa jirani yake Visvaldis, yule mzimamoto asiye na ndugu. Kisha nikatambua kwamba sasa yule ana moja. Nikaondoka hivyo hivyo. Nilisahau hata kufuta nyayo zangu mchangani.

Jioni tulikuwa watu tisa kwa Ilga. Mkate mtamu wa zafarani, vimkate vya mafuta ya nguruwe, kahawa. Asta zangu ziko kwenye jagi juu ya kabati, katikati kabisa, kila mtu anaziona. Sita. Benita wa posta akasema asta za Mirdza mwaka huu zimejaa vizuri. Ilga, akikata mkate, macho kwenye kisu:

"Mirdza hana mchezo na maua."

Ningesema pale pale. Kulikuwa na watu. Nilikula vipande viwili vya mkate, nikasifu zafarani, nikarudi nyumbani.

Siamini mambo haya. Naandika ili nilisome kesho: siamini.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua. Dirisha la jikoni kwa Ilga lina pazia hadi saa sita. Si kawaida yake.

Sikwenda.

Alhamisi, 12 Septemba

Raitis kapiga simu kutoka Ireland. Ananiita shangazi kwa heshima ya ujirani tu, na hanipigii ila Krismasi.

"Shangazi, huko kumetokea nini?"

Nikasema kumetokea nini kwani.

"Mama kaahirisha upasuaji. Jumatatu kawapigia mwenyewe hospitali, kawaambia si vuli hii. Wiki iliyopita alikuwa ananitajia hadi rangi ya nguo ya kulalia aliyonunua. Jana namuuliza, ananijibu ana matango."

"Matango kweli anayo," nikasema.

"Shangazi."

"Mama yako ni mtu mzima, Raitis."

"Daktari kasema asipitishe Septemba. Zungumza naye. Wewe anakusikiliza."

Nikasema nitazungumza naye. Nikasema sijui sababu. La pili lilikuwa uongo, au nusu ya uongo, kwa maana sina hakika. Labda ni hofu tu. Watu huogopa kisu bila msaada wa asta. Lakini tarehe aliyowapigia ni Jumatatu, tisa. Siku moja baada ya maua yangu.

Sikumwagilia chochote leo. Hakukuwa na haja, udongo una maji bado.

Jumapili, 15 Septemba

Asubuhi makaburini. Maua sita, nimeyahesabu nyumbani, getini na kaburini. Mzimamoto nimempelekea mawili. Nikakaa kwenye benchi nikamweleza Visvaldis. Angekuwa hai angesema nimwambie Ilga tu, yaishe. Alikuwa hodari wa kunitatulia mambo yaliyohitaji aibu yangu mimi.

Mchana nikaenda kwenye uzio. Ilga alikuwa uani na chupa kumi na nne za matango, bizari kila mahali.

"Ilga, matango yanaweza kungoja."

"Tango halingoji. Leo tango, keshokutwa ndoo."

"Na uvimbe?"

"Uvimbe haujalalamika."

"Raitis ana wasiwasi."

"Raitis alikuwa na wasiwasi hata wa kupanda ngazi ya dari. Nipe hicho kifuniko."

Nikampa kifuniko. Alikuwa ananitazama. Si kwa hasira, alinitazama tu, kama mtu aliyekufungulia mlango na wewe huingii. Nilikuwa na sentensi mdomoni tayari, maneno sita au saba. Nikauliza anatia chumvi kiasi gani. Baada ya miaka thelathini na minane nauliza chumvi!

Amekonda. Siku ya jina sikuliona hilo.

Jumanne, 17 Septemba

Asta zimeanza kuoza chini, mvua imezidi. Nimekata vichwa vilivyokwisha. Nimepanda tulipu hamsini kando ya njia, mistari mitano, kumi kumi. Kisha nikatazama zile kumi kumi, nikachimbua moja kutoka kila mstari. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, cheti cha serikali cha uchambuzi wa mbegu, anachimbua tulipu kwa sababu ya shufwa.

Nina hofu. Afadhali niiandike kuliko kuendelea kuizungukia. Naogopa atakufa, na naogopa atakufa akijua ni mimi niliyemkabidhi yale maua.

Jumatano, 18 Septemba

Nimemwambia.

Nilikwenda saa nane mchana, kwa mlango wa mbele, kama mgeni. Alikuwa mezani na fumbo la maneno la gazeti. Asta sita bado ziko juu ya kabati. Siku kumi! Maji yamekuwa kijani, petali zimeanguka duara kwenye kitambaa. Ilga haachi ua likae likinyauka hata nusu siku.

Nikasema nikiwa nimesimama: "Maua ya siku ya jina lako yalikuwa sita. Nilichanganya na ya Visvaldis. Niligundua nikiwa makaburini. Niliona haya kurudi."

Hakuinua kichwa. "Neno la herufi tano, la mtu asiyekubali kosa."

"Ilga."

"Keti, Mirdza."

Nikaketi. Akavua miwani.

"Unadhani sikuhesabu? Nilihesabu kabla sijalifungua gazeti. Kwapani. Kwapa langu lilihesabu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mbele ya Benita? Nikajua umechanganya, mimi si mgeni wa kichwa chako. Nikajisemea, atakuja jioni. Jioni ukaja, ukala mkate wangu vipande viwili, ukaenda. Nikajisemea, atakuja kesho. Siku kumi unapita huko uani kama mbwa aliyelamba siagi. Unakuja kuniuliza chumvi."

Nikamuuliza kama ndiyo maana kaahirisha.

Akaifuta miwani kwa ncha ya sweta. Kisha akasema hapana, yeye si mjinga wa kiasi hicho. Kisha akasema, "Nusu." Mama yake alipolazwa, mwaka wa sabini na tisa, yeye mwenyewe alimpelekea karafuu nyekundu tano, witiri safi, kazihesabu mara tatu. Mama akafa na karafuu zake tano mezani. Kwa hiyo nambari hazina kazi, alisema, amelijua hilo miaka arobaini.

"Sasa nusu ya nini?"

"Nusu ya kukungoja wewe. Nilisema, Mirdza akija na ua la saba, nitakwenda. Asipokuja, basi na yeye ananiona nimeshakwenda."

Nilitoka nikaenda bustanini kwangu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikata dalia moja, ile nyekundu iliyoiva, vijidudu vyenye mkia wa koleo vimeshaila upande mmoja. Sikutafuta nzuri zaidi. Nikarudi nayo, nikaitia kwenye jagi pamoja na yale sita yaliyooza.

Ilga akaitazama. "Hiyo nayo ina ugonjwa."

"Ni ya saba."

"Naona." Akachukua simu.

Ijumaa, 20 Septemba

Hospitali imejibu. Nafasi ya tarehe 26 keshapewa mwingine. Iliyopo ni Alhamisi, 17 Oktoba.

Wiki tatu. Daktari alisema asipitishe Septemba. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya niliyamwaga mimi, naweza kuyapima: siku ishirini na moja.

Ilga kasema uvimbe wake hausomi kalenda. Nikacheka kwa sababu alitaka nicheke.

Jumapili, 29 Septemba

Sikukuu ya Mikaeli. Kiangazi kimefungwa rasmi. Asta ndogo za Mikaeli zimefunguka zote kwa siku moja, kichaka kizima cha zambarau. Tangu zamani mimi na Ilga tunabishana kuhusu hizo: shina moja lina vichwa thelathini, unahesabu mashina au vichwa? Mimi nasema mashina. Yeye anasema mwenye macho mazuri ahesabu vichwa. Leo hatukubishana, alikuwa amechoka.

Kanifanya niandike majina ya dalia zake, ili mizizi yake ikichimbuliwa kuwekwa ndani kabla ya baridi nijue upi ni upi. Zangu zina namba kwenye vibao vya bati. Zake zina majina ya watu. Ile ya njano inayoanguka ovyo ni Shemeji. Ile ndefu isiyochanua hadi Oktoba ni Ofisi ya Ardhi. Nyeupe kubwa ni Mchungaji.

"Na hii ya pinki yenye shingo ngumu?"

"Hiyo wewe. Tangu mwaka wa tisini na sita. Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Nimeandika Mirdza kwenye kibao, kwa kalamu isiyofutika na maji.

Jumapili, 6 Oktoba

Sakitu ya kwanza. Nyasi zote nyeupe asubuhi, maji ya ndoo yameganda juu kama kioo cha saa. Dalia za Ilga zimekuwa nyeusi kama majani ya chai. Zangu za tuta la mbele pia. Jana jioni nilifunika mashina matatu yaliyo chini ya ukuta wa kusini kwa shuka kuukuu, hayo yamepona. Kutoka barabarani yanaonekana kama watu watatu wamejifunika wanangoja. Benita kapunguza mwendo wa baiskeli akatazama.

Baada ya chakula tulichimbua za Ilga. Mimi na uma wa bustani, yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa, blanketi magotini, akiamuru.

"Taratibu, huyo ni Mchungaji."

"Mchungaji kaoza shingo."

"Alikuwa hivyo hata kwenye mimbari. Mtie sandukuni."

Masanduku manne. Nimeyaweka kwenye stoo yangu ya chini ya nyumba kwa sababu yake inaingia maji. Ilga alisema mwezi wa tano tutaona zilizopona. Akasema tutaona. Nililiona neno hilo, sikuligusa.

Akashindwa kusimama kutoka kwenye ndoo. Nikamshika kwapa. Ni mwepesi. Sikuwa nimejua mtu anaweza kuwa mwepesi hivyo na bado akatoa amri.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kila jioni nafunika, kila asubuhi nafunua. Ilga kaniuliza kwa nini nateseka na hayo mashina matatu, vuli imeshashinda. Nikasema nataka kuona yatafika wapi. Uongo. Nataka yawepo maua ya kumpelekea hospitali, yaliyotoka hapa, niliyoyahesabu mimi.

Jumanne, 15 Oktoba

Raitis kafika na gari la kukodi. Miaka kumi na miwili Ireland, kanenepa, anaegesha gari upande usio wake. Kamletea mama yake waridi za uwanja wa ndege ndani ya plastiki, bei bado imebandikwa. Ilga akamshukuru, akambusu. Raitis alipotoka kuchukua sanduku la nguo, Ilga akachomoa waridi moja, akanipa.

"Shika. Yalikuwa kumi."

"Humwambii?"

"Kule wanauza kumi kumi. Mwache, kaja mwenyewe, inatosha."

Ninayo hapa mezani, waridi moja. Haina harufu yoyote.

Jumatano, 16 Oktoba

Wameondoka saa tatu asubuhi. Ilga alivaa koti la kanisani. Aliniachia ufunguo, chupa mbili za matango, na maagizo ya paka ambayo paka mwenyewe hatayafuata.

Nilisimama kando ya gari. Alishusha kioo.

"Usinitazame hivyo. Naenda kukatwa, siendi kuolewa."

"Nimehesabu siku," nikamwambia. "Ni ishirini na moja. Nilizokupotezea."

"Najua ulihesabu." Akanishika mkono, akaushikilia muda mrefu kuliko kawaida yetu. Sisi hatushikani mikono. "Mirdza. Nisikilize. Ulikuja."

Raitis akawasha gari.

Nikapogoa waridi zangu zinazopanda ukutani, kazi ambayo si ya mwezi huu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Saa mbili asubuhi walipaswa kuanza.

Saa nne. Nimefagia majani ya kwake na ya kwangu.

Saa sita. Nimeosha vyungu vyote. Sabini na vitatu.

Saa nane, ujumbe wa Raitis: Wamemaliza. Imechukua muda kuliko walivyosema. Hajaamka bado. Nangoja.

Saa kumi na mbili. Hakuna kingine. Nimempigia mara moja, hakupokea. Sipigi tena. Nimefunika dalia. Ninaomba, mimi ambaye kanisani naenda kwa ajili ya kwaya. Naomba kwa maneno machache, bila kuahidi chochote, kwa sababu sina cha kuahidi ambacho Ilga asingekicheka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Saa saba na robo. Naandika nimesimama jikoni, nimeingia kuchukua uzi.

Gari la Raitis limefika sasa hivi. Peke yake, ni sawa, Ilga yuko hospitali, angekuwa wapi. Hakuingia kwa mama yake. Alikuja moja kwa moja kwenye uzio, hajanyoa, amevaa shati la juzi. Nikamuuliza vipi. Akafungua mdomo, na simu ikalia. Akaitazama, akaweka kiganja juu yake, akaniambia haraka:

"Shangazi, nikatie maua. Ya mama. Kumi hivi."

Akageuka, akaenda barabarani nayo sikioni. Anazungumza Kiingereza. Sikielewi. Ananipa mgongo.

Kumi. Kule wanauza kumi kumi. Lakini kazaliwa hapa, kalelewa na Ilga. Sijui kama amesahau au amekumbuka.

Nimefunua shuka. Dalia zilizofunguka ni kumi. Nimezihesabu mara mbili. Nimekata tisa. Ya kumi iko pale, nzima, nzuri kuliko zote, mkasi ulikuwa umeshaigusa. Nimeiacha kwenye shina.

Bado anaongea. Nimeupata uzi. Nafunga tisa, nampelekea, na aniambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba hazitoshi.